Vyeti Nilivyovificha Kabatini

Zuwena mwanangu,

Salamu zangu naziandika kwa sababu sina hakika kama za mdomoni leo utaziitikia. Tangu chakula cha mchana hujanitazama usoni. Umetoka na baba yako kwenda Al Amerat kumuaga shangazi yako Salha, na ulipokuwa unavaa viatu mlangoni nilikuuliza kama umechukua halwa ya kumpelekea, ukanijibu "ndiyo mama" kwa sauti ile unayowajibia watu wa benki. Basi nimekaa kwenye meza ya kulia, vyombo vya wageni bado vimenizunguka, nakuandikia. Nikingoja urudi ndipo tuzungumze, najijua, nitaanza kukuuliza habari za sweta la kwenye ndege, na kesho alfajiri utaondoka kwenda Malaysia hatujaambiana kitu.

Kwa hiyo habari za sweta siziandiki. Wala za dawa, wala za funguo za masanduku, wala nani umpigie simu ukifika. Bibi yako ameshakwambia yote hayo, na mengine kayatunga. Nataka kuandika juu ya mchana wa leo, na juu ya chuo kile cha Uingereza kilichokukataa, maana naona sasa kwamba ni jambo moja. Nimechelewa kuliona na nimeudhika mno, na hasira yangu haijui imwendee nani.

Nianze na mchana. Wanawake walikuja kukuaga, tumekula, umepita na kahawa. Bi Moza, jirani wa shangazi yako, akakuuliza kwa upole kabisa, "Eti Zuwena, unakwenda kusomea nini huko mwanangu?" Na mimi, kabla hujafungua mdomo, nikadakia, "Aa, kakozi tu Bi Moza. Kakaa nyumbani kachoka, tumemwambia akabadilishe hewa."

Uliweka birika chini. Hukupandisha sauti. Ulisema, "Si kakozi, mama. Nnakwenda kusomea uhandisi wa maji. Na nimepata kwa ajili ya kile kifaa cha maji ya wadi, nilokitengeneza mwenyewe."

Bibi yako akasema mashallah, mashallah, mashallah, mbio mbio, kama mtu anayezima moto wa zulia. Wageni wakaangalia vikombe vyao. Mimi nikacheka kicheko kisicho na maana, nikakufuata jikoni nikafunga mlango.

"Una pupa ya nini ya kujitangaza?" nilikwambia. "Kesho unasafiri, nyumba imejaa watu, hujui nani ana jicho gani."

Ulikuwa unasuuza vikombe. Hukugeuka. "Mama, hiyo ndo sentensi walokuwa wanaitaka wale Waingereza. Nimehangaika mwaka mzima kujifunza kuisema. Leo nimeisema kwa watu wetu, na wewe unanigombeza."

Nikakwambia umwage maji machafu vizuri yasirukie sakafu. Samahani kwa hilo. Ni mambo ya ovyo kumwambia mtoto anayeondoka.

Unajua hofu yangu ilikotoka lakini hujaisikia yote, maana bibi yako huwa anaikatiza kwa astaghafirullah. Mwaka niliomaliza skuli jina langu lilisomwa redioni pamoja na waliofaulu vizuri. Mjomba wangu mmoja alikuwa barazani, akairukia redio kuiongeza sauti, majirani wote wakasikia. Nilikuwa niende nje kusomea udaktari. Wiki ile ile nikashikwa na homa ya matumbo, nikalala hospitali mpaka nywele zikanitoka. Nilipoinuka nafasi zilikwisha, wenzangu wameshapanda ndege. Nikasomea dawa hapa hapa, na mpaka leo nipo dirishani hospitalini nawapa watu dawa walizoandikiwa na wengine. Kazi yangu naipenda, usinielewe vibaya. Lakini bibi yako alishajua nani kanipiga jicho, au alidhani anajua, na tangu siku ile katika nyumba yetu kitu kizuri kikipatikana kinafunikwa haraka. Ulipozaliwa mzuri hivyo, tulikuita "kinyago" mpaka ukaanza kutembea.

Sisemi jicho hakuna. Lipo, na wewe unalijua na nyiradi zake unazijua. Ninachosema ni kwamba mimi nililikuza. Nikalikabidhi ufunguo wa nyumba yangu, likawa ndilo linaloamua nani ajue nini.

Kifaa chenyewe kilianza kwa ajili yangu, au umesahau? Ijumaa ile tunakwenda kwa Salha, mimi ndiye dereva, mbingu ya Al Amerat nyeupe kabisa, mvua ilikuwa imenyesha huko milimani tusikoona. Tumefika kwenye kivuko cha wadi, lile bonde la mto mkavu, mahali ambapo siku zote ni mchanga mkavu na mbuzi, nikakanyaga mafuta. Wewe ndiye uliyesema, "Mama, simama, yanakuja." Nikarudi nyuma kwa woga mpaka nikagonga jiwe, na maji yakapita mbele yetu yamebeba mlango wa friji. Ulikaa kimya njia nzima ya kurudi. Nikadhani umeogopa, kumbe ulikuwa unafikiria.

Miezi mingi baada ya hapo chumba chako kilinuka risasi ya kuungia nyaya. Baba yako akakupeleka juu ya bonde kila mwisho wa wiki, ukafunga kijidude chako kwenye nguzo, kikaliwa na jua, ukatengeneza kingine, kikaibwa, ukatengeneza kingine. Maji yakipanda huko juu, kinapeleka habari kwenye simu za watu wa chini. Uliniomba namba yangu uitie ya kwanza kabisa. Nikakwambia usinitie kwenye mambo hayo, sitaki jina letu lizunguke kwenye simu za watu. Nakumbuka ulisema "sawa" na ukafuta kitu kwenye kompyuta.

Kisha ukashinda nacho yale mashindano ya uvumbuzi ya skuli zote za nchi. Mama mwengine angepiga vigelegele. Mimi nilimpigia simu Mwalimu Hanan kabla hata hujarudi nyumbani. Nikamwomba jina lako lisitoke gazetini, picha yako isipigwe, na kwenye cheti iandikwe kundi la wanafunzi. Alishangaa, lakini ni mtu wa heshima, akakubali. Picha ikapigwa, na kikombe akakishika mwenzako Rawan kwa sababu mtu fulani lazima akishike. Wewe ulisimama pembeni nje ya picha na mkoba wa Rawan mkononi. Cheti kilipokuja nikakitia kabatini chini ya mashuka ya wageni, pamoja na vile vyeti vyako vya hesabu na ile medali ya kuhifadhi Qur'ani. Nikalala usingizi mzuri. Nilidhani nimekulinda.

Rawan sina ugomvi naye, na wewe najua huna. Alishika nyaya wakati wewe unaunga, alikuja bondeni mara mbili tatu na viatu vyeupe. Alipojaza fomu za kile chuo alipeleka ile picha na akaeleza alichokifanya, na alichokifanya kwa maneno yake kilikuwa kikubwa. Wewe ulipeleka chuo kile kile, kifaa kile kile, na karatasi inayosema kundi. Yeye yuko Uingereza sasa. Mama yake aliniletea keki. Nikaila, na ilikuwa nzuri, na hilo pia liliniudhi.

Mshauri wa skuli alikwambia uende kwa watu wa Al Amerat wanaokitumia kifaa, waandike mistari miwili tu kwamba kinawasaidia na kimetengenezwa na nani. Ulikuja kuniomba ruhusa. Nikakwambia sisi hatuendi kuomba watu maneno ya kutusifu. Nikajiona mtu mwenye murua. Sasa nikikumbuka natamani nijifinye.

Halafu ile siku ya mahojiano ya video na chuo kile. Hujui kwamba nilikuwa nje ya mlango wako na kikombe cha chai ya tangawizi, najifanya nakuletea. Nilisikia yule bwana akikuuliza ni kitu gani maishani umekifanya na unajivunia. Ukasema, kwa kile Kiingereza chako kizuri, kwamba mlikuwa kundi, kwamba mwalimu aliwasaidia sana, kwamba kifaa ni kidogo tu na kina kasoro zake, na shukrani zote ni za Mungu. Akauliza tena, kwa subira, wewe mwenyewe hasa ulifanya nini. Ukasema, "Nilisaidia."

Nilitabasamu, Zuwena. Nilisimama pale na chai inapoa, nikatabasamu. Ulipomaliza nikaingia nikakwambia, "Umejibu kwa adabu mwanangu. Hukujitukuza." Ulinitazama ukataka kusema kitu, kisha ukanywa chai. Nimeukumbuka mtazamo ule leo mchana jikoni, ulipokuwa umenipa mgongo.

Barua ya kukataliwa ilipofika mimi ndiye niliyepiga kelele, wewe ulikwenda kuoga. Nikaendesha gari mpaka skulini kumgombeza Mwalimu Hanan. Nikamuuliza kwa nini hakukuandikia barua ya maana. Akanikaribisha nikae, akanijibu kwa Kiarabu cha taratibu: "Mama Zuwena, ningeandika nini? Gazetini hayumo. Kwenye cheti hayumo. Wewe ndiye uliyeniomba. Nikaandika kwamba ni binti mwenye bidii na adabu, hayo ndiyo niliyoruhusiwa kuyajua." Nikatoka bila kuaga vizuri. Nilikaa ndani ya gari na kiyoyozi kimewaka mpaka mlinzi akaja kugonga kioo kuuliza kama naumwa.

Na hao wa vyuo nao wananiudhi, nisijibebeshe lawama zote. Wanataka mtoto ambaye ndevu hazijaota awe ameshaanzisha jumuiya. Kwenye lile kundi letu la simu la akina mama, huku kwetu Bawshar nzima hakuna mtoto asiyekuwa rais wa kitu. Mmoja ni rais wa klabu ya vitabu, na mimi namjua, hasomi hata maandishi ya kwenye chipsi. Binamu yako mmoja, jina silitaji kwa sababu mama yake na mimi tunasalimiana, alikwenda pwani ya Sidab kusafisha taka na wenzake. Akavaa glavu, akapigwa picha na mfuko, akavua glavu, akarudi nyumbani. Glavu zenyewe wewe ndiye uliyeziokota. Mlirudi na baba yako jua limezama, una mchanga mpaka masikioni, na mimi swali langu la kwanza likawa, "Hakuna aliyekupiga picha?" Ukasema hakuna. Nikasema alhamdulillah. Yeye ile picha imemfikisha mbali.

Kwa hiyo nimekaa katikati. Upande mmoja wapo wanaotaka mtoto apige kelele hata kama hakufanya kitu, na upande mwengine nipo mimi, niliyemfunga mdomo mtoto aliyefanya. Nilikulea ujifiche, halafu nikakupeleka kwa watu wanaochagua kwa kutazama, na walipokukosa nikawaita vipofu.

Fomu ya Malaysia uliijaza peke yako. Sikuiona. Ulifunga mlango, na nilipouliza ulisema "mambo ya kawaida tu mama," maneno yangu mwenyewe, umenirudishia. Leo ndipo nimejua kwamba uliwaeleza habari yote ya kifaa, tangu lile jiwe nililoligonga. Wakakuchukua. Chuo ni kizuri na sina neno nacho. Kinachoniuma ni kwamba ilibidi unifiche mimi ili uweze kusema kweli.

Sasa nikwambie kilichotokea baada ya nyinyi kuondoka, ndiyo sababu hasa ya barua hii.

Nilimpigia simu Bi Moza. Nitakuwa mkweli, nilimpigia ili nimwombe radhi kwa maneno yako ya mchana. Nilikuwa bado sijashika adabu. Nikamwambia, "Bi Moza, nisamehe, mtoto kachoka na mambo ya safari, kajisahau mbele za watu."

Akasema, "Asya, kwani we ulidhani hatujui?"

"Hamjui nini?"

"Cha wadi. Mtaa mzima huku kwa Salha tumo. Mvua ikianza huko juu simu zinaita nyumba kwa nyumba. Mume wangu msimu ulopita kishafika ukingoni na gari, simu ikalia, akageuza. Nnakwambia, maji yalopita saa ile yangembeba. Mie kila nikisali namwombea Zuwena."

Nikamuuliza kwa nini siku zote hizo hajaniambia. Tumekutana arusini, tumekutana matangani, amekuja kwangu, nimekwenda kwake.

"Tukwambie vipi? Kila tukitaja jina la mwanao unageuza maneno. Tukasema basi, Asya anaona haya mwanawe kushikashika nyaya. Tukakusitiri."

Neno hilo nimekaa nalo kwenye kiti hiki tangu alasiri. Wewe nilikuficha wasikuone, na wao wakanisitiri mimi, wakidhani nakuonea haya. Mimi, Zuwena. Mimi ambaye usiku nikiamka kunywa maji nilikuwa nafungua kabati nikigusa vile vyeti chini ya mashuka kuhakikisha vipo. Nilikuwa nakujivunia mpaka kifua kinauma, na hakuna mtu mmoja aliyejua. Naogopa hata wewe hukujua.

Bi Moza hakuniacha nilie kwa raha. Akauliza, "We si unavuka hapa kila Ijumaa kuja kwa Salha? Namba yako imo?" Nikasema haimo. Akasema, "Subhanallah. Mama mtu." Akamwita mwanawe, wakanitia, wakaniambia ningoje simu ya majaribio.

Ikaita. Nikapokea, na kwanza nikasikia Kiarabu, na sauti nikaijua lakini sikuamini. Halafu ikaja kwa Kiswahili, polepole, kama unavyomsomea bibi yako gazeti: "Assalam alaikum. Maji yanashuka wadini. Usivuke, ngoja, utafika tu inshallah. Anayekwambia ni Zuwena binti Saleh."

Umelitaja jina lako. Yule bwana wa Uingereza alikuuliza mara mbili ukashindwa kulisema, na huku Al Amerat limo kwenye simu za kila nyumba, linawageuza watu warudi kwa watoto wao, na hapana lililokupata. Nimeomba wanipigie tena majaribio. Wamenipigia. Mara ya tatu mwanawe Bi Moza alisema mashine itachoka.

Sasa mvua yetu unaijua, mwaka mzima inaweza isije. Nitaisubiri. Wanawake wengine watoto wao wakisafiri hungoja simu ya Ijumaa, na mimi ya Ijumaa nitaingoja pia, usithubutu kuniruka, lakini hiyo nyengine nitaingoja zaidi.

Ushauri niliokuwa nimekutayarishia nimeutupa. Nilitaka kukwambia usiwe na majivuno huko uendako, na nimeona kwamba hilo kwako si maradhi. Maradhi yako niliyokutia ni mengine. Ukifanya kitu sema umekifanya, na ukisaidiwa mtaje aliyekusaidia, Rawan na viatu vyake vyeupe humo humo. Asubuhi na jioni soma nyiradi zako, kisha ufungue mlango utoke. Siku ukiona unataka kusema "nilisaidia" na hukusaidia, ulifanya, nikumbuke mimi na kile kikombe cha chai, na ukasirike kidogo. Nitaridhika ukinikasirikia kwa jambo hilo kuliko ukinitii.

Vyeti nimevitoa. Vina alama za mikunjo na vinanuka dawa ya nondo ya kabatini, lakini vyote viko ukutani sebuleni, hata kile cha kundi, na chini yake nimeandika jina lako kwa kalamu yangu. Misumari nimeipiga vibaya, baba yako atanicheka. Bibi yako ameshapita na chetezo cha ubani mara kadhaa na kuufukiza ukuta mzima. Mwache, kila mtu ana njia yake ya kupenda. Nilimuuliza kama ana neno. Akavitazama kwa muda, akasema, "Hiki cha katikati kimepinda."

Baada ya Isha wanakuja wale wa upande wa baba yako kukuaga, na wewe utakuwa umerudi. Barua hii utaikuta juu ya mto wako, isome kabla hujatoka kuwasalimu. Najua yupo atakayeuliza unakwenda kusomea nini. Nitakuwa nimekaa pale karibu na mlango, na mdomo wangu unaujua, utataka kudakia. Nimejiandaa, nitatia tende mdomoni.

Sema wewe.

Mama yako,
Asya